Sura ya Saba: Wanyama Walioletwa Ili Wawindwe

Ikiwa mnyama ameletwa nchini ili apigwe risasi, na kila mwaka anapigwa risasi, inakuwaje idadi yake inazidi kupanda? Wengi huuliza hivyo wanaposikia kwamba serikali ya Nyuzilandi hukodi helikopta kuua mbuzi-mwitu wa Himalaya, au kwamba Australia imepigana na sungura kwa zaidi ya miaka 150 bila kuwamaliza. Yanayojulikana Afrika ni kinyume chake: tembo na faru waliwindwa, wakapungua hadi sehemu nyingine kutoweka kabisa. Sura hii inaeleza kwa nini wanyama hao walisafirishwa, kilichotokea walikofika, na kwa nini bunduki iliyokuwa sababu ya kuwaleta imeshindwa kuwadhibiti.

## Maneno mawili ya kuelewa kwanza

Mnyama wa kigeni ni yule aliyepelekwa na binadamu mahali ambapo asingefika kwa miguu, mabawa au mapezi yake mwenyewe. Ng'ombe na kuku ni wageni katika sehemu kubwa ya dunia, na hakuna anayelalamika, kwa sababu wanaishi chini ya uangalizi wa mwenyewe.

Mnyama vamizi ni mgeni aliyekwenda hatua mbele zaidi: anazaliana porini bila kusaidiwa, anasambaa, na anadhuru mimea, wanyama au watu aliowakuta. Kila mnyama vamizi alianza kama mgeni, lakini wageni wengi hawakufika huko.

Uwindaji wa kitalii unaofanyika katika vitalu vya Tanzania haumo katika habari hii. Nyati, pofu na simba wanaowindwa huko ni wa nchi hiyohiyo, na wamekua pamoja na nyasi, magonjwa na maadui wa mahali pao. Sura hii inahusu nchi zilizoagiza wanyama wa kuwinda kutoka mbali.

## Kwa nini walisafirishwa

Desturi hii ni ya zamani. Mwaka 1639 Waholanzi walipeleka ayala kutoka Java hadi kisiwa cha Mauritius, ambacho hakikuwa na mnyama wa mwituni wa kuwinda kwa ajili ya nyama. Ayala ni jamii ya wanyama ambao madume yao huwa na pembe za matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka. Jamii hii haina mwenyeji hata mmoja Afrika Mashariki. Uzao wa ayala wale ungalipo Mauritius, unawindwa na kufugwa kwa nyama hadi leo.

Karne ya 19 desturi ikawa mpango. Mwaka 1854 ilianzishwa mjini Paris jumuiya ya wataalamu na matajiri waliotaka kuzoesha wanyama na mimea ya nchi moja katika nchi nyingine. Jumuiya kama hiyo zikaota Uingereza, Australia na Nyuzilandi. Waliokuwa wakileta wanyama wa kuwinda walisukumwa na mambo manne:

- Hamu ya nyumbani. Walowezi walitaka kuwinda walichokizoea kwao.
- Kufuta ubaguzi wa zamani. Ulaya, ayala walikuwa mali ya wafalme na mabwana wa ardhi. Mlowezi wa kawaida aliona fahari kuwa na mlima ambako yeyote angeweza kuwinda.
- Zawadi za wakubwa. Kaizari Franz Joseph wa Austria aliipelekea Nyuzilandi chamois, wanyama wa milima ya Alps walio jamaa wa mbuzi, wakaachiwa mwaka 1907. Mwaka 1868 mfalme wa Hawaii, Kamehameha V, alipokea zawadi ya ayala wenye madoa kutoka Hong Kong.
- Pesa za watalii. Serikali zilitumaini kwamba wawindaji matajiri wangevuka bahari kufuata pembe kubwa.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Elimu ya uhusiano wa viumbe na mahali waishipo ilikuwa changa, na nchi mpya zilionekana kama ghala lenye rafu tupu.

## Nyuzilandi: milima isiyojua kwato

Nyuzilandi ndiyo somo kubwa kuliko yote. Kabla ya binadamu kufika, wanyama pekee wa nchi kavu walionyonyesha watoto wao walikuwa popo. Mimea ililiwa na ndege, wakiwemo moa, ndege wakubwa wasioruka ambao walitoweka baada ya Wamaori kufika na kuwawinda. Hapakuwa na mnyama hata mmoja mwenye kwato.

Ayala wekundu wa kwanza walifika kutoka Uingereza mwaka 1851. Waliofuata waliachiwa katika visiwa vyote viwili vikuu, wakalindwa na sheria hadi walipozidi. Mwaka 1904 wakaachiwa karibu na Mlima Cook tahr watano, yaani mbuzi-mwitu wa Himalaya, waliotoka katika bustani ya Duki wa Bedford, Uingereza.

Wanyama hao walikuta chakula tele na adui hakuna. Mimea mingi ya milimani haikuwa na miiba wala ladha ya kumfukuza mla majani wa aina yao. Walikula machipukizi ya miti kabla hayajawa miti, na misitu ikazeeka bila vijana wa kurithi nafasi. Ndege wakaguswa pia. Takahe, ndege wa buluu asiyeruka, alidhaniwa ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1948 katika milima ya Murchison. Ikabainika kwamba ayala walikuwa wakila nyasi zilezile ndefu anazozitegemea takahe, tena wakiziharibu kiasi cha kuchelewa kuota upya.

Mwaka 1930 serikali iliondoa ulinzi wa ayala. Kuanzia 1931 iliajiri wawindaji wake yenyewe, waliokaa miezi milimani wakiua ayala. Waliua wengi mno, lakini kila bonde lililosafishwa lilijazwa na wanyama wa bonde la jirani.

Idadi ilishuka kwa kishindo miaka ya 1960 na 1970 tu, kwa sababu ya biashara. Wafanyabiashara walitumia helikopta kukusanya nyama ya ayala kwa ajili ya soko la Ulaya. Sheria ya 1969 iliporuhusu kufuga ayala, helikopta hizohizo zikaanza kuwakamata hai na kuwapeleka mashambani. Mfanyabiashara wa nyama alilipwa kwa kila mnyama aliyeondoka mlimani, na hakujali kama mwakani wangebaki. Tofauti hiyo kati yake na mwindaji wa burudani ni muhimu, na itarudi mbele.

Kwa ufupi: Nchi isiyokuwa na wala majani wenye kwato ilipewa wengi kwa mkupuo, na sheria ikawalinda. Gharama ya kuwapunguza iliangukia vizazi vilivyofuata.

## Australia: sungura, kisha mbweha

Mwaka 1859 mlowezi tajiri, Thomas Austin, aliletewa sungura 24 kutoka Uingereza katika shamba lake la Barwon Park, jimbo la Victoria. Alitaka kuwinda na wageni wake. Sungura wa kufugwa walikuwapo Australia tangu meli za kwanza za Waingereza mwaka 1788, lakini hawakusambaa sana. Wa Austin walikuwa na damu ya sungura wa porini, wenye uwezo wa kujificha, kuchimba na kuokoka ukame.

Katika miaka ipatayo sabini uzao wao ulikuwa umeenea sehemu kubwa ya bara hilo. Magharibi mwa Australia ulijengwa kati ya 1901 na 1907 uzio wa zaidi ya kilomita 3,000 wa kuwazuia, lakini walipita. Mwaka 1950 serikali ilisambaza virusi vya maradhi ya sungura yaitwayo miksomatosi. Walikufa wengi sana, ila waliosalia walizaa watoto wenye kinga. Miaka ya 1990 vikaingia virusi vya aina nyingine, navyo vikapunguza bila kumaliza.

Katika karne hiyohiyo ya 19, wapenzi wa kuwinda kwa farasi na mbwa walileta Victoria mbweha wekundu wa Ulaya. Mbweha walipata sungura wa kula na wakasambaa nyuma yao. Walikula pia wanyama wadogo wenyeji, ambao hawakuwahi kukimbizwa na adui wa namna hiyo, na aina kadhaa zimetoweka au kubaki visiwani tu.

Nyuzilandi nayo ilikuwa na sungura wake. Miaka ya 1880 iliagiza vicheche wa Ulaya ili wawale. Vicheche waligundua kwamba mayai na makinda ya ndege wasioruka hupatikana kwa urahisi kuliko sungura. Kosa la kwanza lilizaa la pili, na la pili halijaondoka.

## Kwa nini wachache huwa wengi

Mfano mzuri wa jinsi wachache wanavyokuwa wengi unahusu mnyama wa Afrika. Kati ya 1969 na 1977 jimbo la New Mexico, Marekani, liliachia takriban choroa 90 katika jangwa la White Sands, eneo la majaribio ya makombora. Asili yao ni Kalahari. Sheria ilidai kwamba wanyama wenyewe waliotoka Afrika wabaki kizuizini kwa hofu ya magonjwa, kwa hiyo walioachiwa walikuwa watoto wao. Lengo lilikuwa kuwapa wawindaji mnyama mkubwa katika jangwa lenye wanyama wachache. Baada ya muda choroa walifikia maelfu. Sababu zake ndizo sababu za karibu kila mahali:

1. Adui amebaki nyumbani. Kalahari kuna simba na fisi. New Mexico yuko puma, lakini choroa mkubwa mwenye pembe ndefu si windo lake la kawaida.
2. Maradhi na vimelea vimebaki nyumbani. Wanyama wachache wenye afya huvuka bahari bila sehemu kubwa ya magonjwa yaliyokuwa yakiwapunguza.
3. Chakula hakijajifunza kujilinda. Mimea ya mahali papya haina silaha dhidi ya mlaji mpya.
4. Hazai kwa msimu. Jike la choroa huweza kuzaa wakati wowote wa mwaka na kushika mimba tena mapema.
5. Uzio haudumu. Mwaka 1912 mwekezaji mmoja alileta nguruwe mwitu wa Ulaya katika shamba la kuwindia la Hooper Bald, North Carolina. Katika miaka ya 1920 walitoroka, wakachanganyika na nguruwe wa kufugwa waliokuwa wakizurura. Chotara wao ni sehemu ya tatizo la nguruwe mwitu linaloharibu mashamba ya Marekani hadi leo.

Hapa ndipo ilipo tofauti na tembo. Tembo hubeba mimba karibu miezi 22 na huzaa ndama mmoja, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Jangili alimfuata kila alipo, kwa ajili ya meno, bila nia ya kumwacha azaliane. Sungura huzaa mara kadhaa kwa mwaka, na nguruwe huzaa watoto wengi kwa mkupuo.

## Kwa nini bunduki haitoshi

Wanaotetea kuleta wanyama wa kigeni husema wawindaji watadhibiti idadi. Hoja hii inavutia, lakini inashindwa kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Chukulia kundi la ayala 1,000 ambalo kwa mwaka huongezeka 300 baada ya kutoa waliokufa wenyewe. Wawindaji wakichukua 100, mwaka unaofuata kundi ni 1,200. Kwa kasi hiyohiyo litaongezeka 360. Wakichukuliwa tena 100, linakuwa 1,460. Mwindaji ameua wanyama 200, na mlima una wanyama 460 zaidi ya mwanzo.

Sababu ya pili ni uchaguzi wa mwindaji. Anayetafuta nyara, yaani pembe au kichwa cha kuhifadhi, hulenga dume kubwa. Dume moja hupanda majike mengi, kwa hiyo kuondoa madume machache hakupunguzi idadi ya watoto watakaozaliwa. Anayepunguza kundi kweli ni yule anayepiga majike, na jike halina pembe ya kujivunia. Tena wawindaji wengi hufika panapofikika. Wanyama wa mabonde ya mbali hawaguswi.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi: mwindaji wa burudani hataki wanyama waishe. Anataka mwakani arudi awakute. Hilo si kosa lake. Kumkabidhi jukumu la kuwamaliza ni kumpa mtu kazi iliyo kinyume na anachokipenda.

Kesi mbili zinathibitisha. Mwaka 1993 Nyuzilandi ilipanga kwamba tahr wasizidi 10,000. Miaka ishirini na mitano baadaye, makadirio ya serikali yalionyesha zaidi ya 30,000 katika ardhi ya hifadhi. Mwaka 2020, idara ya uhifadhi ilipoamua kuongeza kasi ya kuwapunguza kwa helikopta, kundi la wawindaji lilikwenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaagiza idara ishauriane zaidi na wahusika.

Hawaii, katika mlima Mauna Kea, mbuzi na kondoo waliotunzwa kwa ajili ya uwindaji walikuwa wakila miti ya māmane, ambayo ndege mdogo palila huitegemea kwa chakula. Jimbo lenyewe lilikuwa likiwatunza wanyama hao kwa faida ya wawindaji. Mwaka 1979 mahakama iliamuru waondolewe. Kesi nyingine ilihitajika miaka ya 1980 kwa ajili ya kondoo wa aina ya mouflon, ambao nao waliletwa ili wawindwe.

Penye mapenzi, hata sheria hukiukwa. Mwaka 2009 ayala wenye madoa walisafirishwa kwa helikopta kwa siri kutoka kisiwa cha Maui hadi kisiwa kikubwa cha Hawaii, kwa kubadilishana na mouflon. Wahusika walitiwa hatiani, lakini ayala walikuwa wamekwisha kuingia kisiwani.

Kwa ufupi: Uwindaji wa burudani huvuna ongezeko. Kupunguza kundi ni kazi nyingine, yenye malengo, watu na gharama zake.

## Upande wa pili wa mizani

Haki inadai faida nazo zitajwe. Mauritius inapata nyama. Nyuzilandi ina sekta kamili ya ufugaji wa ayala. Vijijini mwa Nyuzilandi na Hawaii familia nyingi hutegemea mawindo kwa kitoweo, na kwao mnyama wa kigeni amekuwa sehemu ya maisha.

Faida kubwa kuliko zote imeonekana kwa choroa wa Sahara, mwenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea nyuma. Mwaka 2000 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Wakati huo maelfu walikuwa hai katika ranchi za Texas, ambako wenye ardhi waliwafuga na kuuza nafasi za kuwawinda, na wengine walikuwa katika bustani za wanyama na hifadhi za nchi za Ghuba ya Uajemi. Kuanzia mwaka 2016 choroa kutoka kundi lililokusanywa Abu Dhabi walirudishwa Chad, na mwaka 2023 hali ya aina hiyo ilihesabiwa kuwa na nafuu.

Mafanikio hayo yana mipaka. Choroa wa Texas wanaishi ndani ya uzio na wana mwenyewe. Nilgai, swala mkubwa wa India aliyepelekwa ranchi za kusini mwa Texas karne iliyopita, alivuka uzio, na sasa hubeba kupe waenezao ugonjwa wa ng'ombe wa kukojoa damu. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanaujua uzito wa jambo hilo.

## Mgeni anaweza kuwa wa nchi hiyohiyo

Mpaka wa taifa si mpaka wa viumbe. Afrika Kusini, baadhi ya mashamba ya uwindaji yaliwaweka pamoja nyumbu mweusi na nyumbu wa kawaida ili mteja apate aina zote mbili sehemu moja. Aina hizo zilizaliana, na chotara wao wana uwezo wa kuzaa. Kundi likishaingiwa na chotara, nyumbu mweusi halisi hupotea bila risasi kufyatuliwa.

Uvuvi nao una historia inayofanana. Mwaka 1905 trauti wa Scotland waliwekwa katika mto Gura, milima ya Aberdare nchini Kenya, kwa ajili ya walowezi waliopenda kuvua kwa ndoano. Miaka ya 1950 na 1960 sangara aliingizwa Ziwa Victoria. Miongoni mwa hoja zilizotolewa ilikuwa kwamba ni samaki mkubwa anayefaa kwa uvuvi wa burudani. Sangara alileta viwanda na fedha za kigeni. Alikula pia furu, samaki wadogo waliokuwa na mamia ya aina zisizopatikana popote pengine, na nyingi kati ya aina hizo zimetoweka.

## Je, wanaweza kuondolewa?

Wanaweza, mahali padogo penye mipaka ya asili. Mwaka 1911 wavuvi wa nyangumi kutoka Norwei walipeleka ayala wa Aktiki katika kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Atlantiki, kwa nyama na uwindaji. Kwa miaka mia moja barafu iliwazuia wasienee kisiwa kizima. Joto la dunia lilipoanza kuyeyusha barafu hiyo, serikali ya kisiwa iliamua kuwaondoa kabla njia haijafunguka. Katika misimu ya 2013 na 2014 watumishi wake, wakisaidiwa mwanzoni na wafugaji wa jamii ya Wasami waliojua kuswaga wanyama hao, walikaribia kuwamaliza. Wachache waliobaki walifuatiliwa baadaye.

South Georgia ilikuwa na masharti yote: eneo lenye kuta za barafu, wanyama wanaoonekana kwa mbali, fedha za kutosha, na hakuna wakazi wa kudumu wa kupinga. Bara la Australia halina hata moja. Maji yakimwagika hayazoleki, na palipo na eneo kubwa kinachobaki ni kupunguza kila mwaka bila mwisho.

## Maswali ya kuuliza kabla ya kumleta mgeni

Nchi, ranchi au kijiji kinachopewa pendekezo la kuleta mnyama wa kuwinda kinapaswa kupata jibu la kila swali lifuatalo:

1. Nani humla mnyama huyu kwao, na yupo huku?
2. Anakula nini, na ni nani mwingine anayetegemea chakula hicho?
3. Anaweza kuzaliana na mnyama mwenyeji?
4. Anabeba maradhi au kupe gani wa kuambukiza mifugo?
5. Uzio ukianguka, anaweza kuishi na kuzaa nje?
6. Nani atapunguza majike, si madume tu, na nani atamlipa?
7. Nani atagharamia kumwondoa, na fedha hizo zimewekwa wapi leo?

Maswali mawili ya mwisho ndiyo yaliyorukwa kila mahali palipotajwa katika sura hii. Aliyeleta alifaidi msimu mmoja au kizazi kimoja; bili ililipwa na watu ambao hawakuwahi kuulizwa. Penye wanyama wa asili wa kuwindwa kwa kiasi, kama ilivyo sehemu kubwa ya Afrika, fedha na juhudi zinafaa zaidi kuwatunza wao, maana adui zao, chakula chao na magonjwa yao vimekwisha kupimana kwa maelfu ya miaka. Mgeni huanza kupimwa siku anapofika, na wanaobeba hatari ya kipimo hicho ni wenyeji.